Maafa ya saa mbili usiku: Runinga inapogeuza mvua kuwa gharika

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

NI saa mbili kamili usiku. Katika mgahawa mmoja mjini Tunduma, si mbali na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, wateja wameacha kutafuna. Kwenye runinga iliyotundikwa juu ya jokofu la soda, ngoma zinarindima, maandishi mekundu yanapita chini ya kioo, na mtangazaji amekunja uso kama mtu aliyetoka kufiwa.

"Songwe yazama!" anatangaza. "Maelfu hawajulikani walipo. Je, huu ndio mwisho wa mkoa huu wa mpakani?"

Wateja wanatazamana. Nje hakuna hata tone la mvua. Kuna vumbi la malori tu. Mama lishe anatoka hadi mlangoni, anaangalia juu, anaziona nyota, kisha anarudi kukoroga mchuzi wake. Hapo ndipo simu zinapoanza kuita. Shangazi yuko Mbagala, kaka yuko Mwanza, na wote wanauliza swali moja: "Bado mko hai?"

Taarifa hiyo ni ya kubuni, na hakuna kituo chochote kilichoirusha. Hata hivyo, msomaji anayefuatilia taarifa za habari za usiku bila shaka ameitambua, kwa sababu ameshaona ndugu zake wengi: mvua iliyogeuka gharika, ufa uliogeuka mwisho wa bara, na upepo uliogeuka kimbunga kabla haujafika nchi kavu.

Makala haya yanaeleza jinsi taarifa ya namna hiyo inavyopikwa, na kwa nini wakazi wa Songwe, ambao ardhi yao imekaa jirani na nyufa halisi za Bonde la Ufa, wana sababu ya kuicheka na pia ya kuiogopa.

Songwe ipi iliyozama?

Swali la kwanza ambalo mkazi wa Tunduma angemuuliza mtangazaji wetu ni jepesi: Songwe ipi?

Upo Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ambao makao makuu yake ni Vwawa, wilayani Mbozi. Ndani ya mkoa huo ipo Wilaya ya Songwe, yenye makao yake Mkwajuni. Upo Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, ambao humwaga maji yake Ziwa Nyasa. Upo pia Mto Songwe mwingine kabisa, unaotokea upande wa Mbeya na kuelekea Ziwa Rukwa. Kana kwamba hayo hayatoshi, upo Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012, ambao haumo katika Mkoa wa Songwe bali katika Mkoa wa Mbeya.

Kwa hiyo mtu akisema "Songwe imefurika", huenda anazungumzia mito miwili inayokwenda pande mbili tofauti, au wilaya, au mkoa mzima. Mafuriko ya Mto Songwe wa mpakani huumiza zaidi uwanda wa chini, upande wa Kyela, kabla mto haujaingia ziwani. Kutoka Tunduma hadi huko ni mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa barabara. Shangazi wa Mbagala hawezi kuyajua hayo, na si kosa lake. Aliyepaswa kuyajua ni yule aliyeshika kipaza sauti.

Hapa ndipo umbali unapoingia. Kutoka Dar es Salaam, yaliko makao makuu ya vituo vikubwa vya runinga, hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Gari la waandishi likiondoka alfajiri, litafika wakati taarifa ya habari imeshasomwa. Mhariri mwenye haraka atafanya nini? Atatafuta picha kwenye maktaba, na mafuriko ya mahali popote yatavishwa jina la Songwe. Maji yote ni ya kahawia, na mabati yote hufanana.

Jinsi chungu kinavyopikwa

Upishi wa taarifa ya maafa una kanuni zake, na mpishi yeyote anaweza kujifunza.

Chukua mvua moja. Ondoa kipimo chake cha milimita, kwa sababu milimita hazitishi mtu. Mahali pa idadi ya nyumba zilizobomoka weka neno "maelfu", na mahali pa jina la kijiji weka jina la mkoa. Mweke mwandishi ndani ya maji, na kamera ishikwe chini karibu na uso wa maji ili dimbwi lionekane bahari. Mtafute mama anayelia. Asipolia, mwulize tena anajisikiaje mpaka alie. Mwisho, mwite mtaalamu na umuulize, "Je, tutakufa?" Akijibu, "Hapana, lakini tunapaswa kuchukua hatua," mkatize mara tu baada ya "lakini", kwa kuwa muda umekwisha na matangazo ya biashara yanasubiri.

Upishi huu haukubuniwa Tanzania. Oktoba 2005, katika kipindi cha asubuhi cha Today cha kituo cha NBC nchini Marekani, mwandishi aliripoti mafuriko ya mji wa Wayne, New Jersey, akiwa ndani ya mtumbwi na kasia mkononi. Wakati akieleza hali ilivyo, wanaume wawili walipita mbele ya kamera wakitembea kwa miguu, maji yakiwa hayajawafika hata magotini. Watangazaji waliokuwa studioni walishindwa kujizuia kucheka.

Septemba 2018, wakati wa Kimbunga Florence katika jimbo la North Carolina, mwandishi wa The Weather Channel alionekana akiyumba huku na kule, akipambana na upepo kana kwamba utambeba. Nyuma yake walipita vijana wawili wakitembea taratibu kama wanaokwenda dukani kununua mkate. Kituo kilijitetea kwamba mwandishi wake alikuwa amesimama kwenye majani yenye utelezi na alikuwa amechoka baada ya kazi ya usiku. Utetezi huo huenda ni wa kweli. Lakini mamilioni waliotazama kipande hicho walikumbuka vijana wale wawili, na wengi walisahau kwamba Florence kilikuwa kimbunga cha kweli kilichoua watu wengi.

Hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya chumvi iliyozidi: ikigundulika, mlaji huutupa mchuzi wote, pamoja na nyama.

Siku Afrika ilipopasuka katikati

Karibu na nyumbani, mfano unaofaa zaidi ulitokea Kenya mwezi Machi 2018. Baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulijitokeza katika eneo la Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Sehemu nyingine ulikuwa na kina cha takriban meta 15. Wakazi wa jirani walipata hasara na wengine walilazimika kuhama. Hiyo ilikuwa habari, na ilitosha.

Lakini haikuachwa hivyo. Katika muda wa siku chache, picha za ufa huo zilizunguka dunia zikiwa na maelezo kwamba bara la Afrika lilikuwa linapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu. Ramani zilichorwa zikionyesha Pembe ya Afrika ikielea baharini kama boti iliyokatika kamba.

Wanajiolojia walipopewa nafasi ya kusema, walieleza jambo la kawaida zaidi. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kucha za vidole vya mkono wa msomaji hukua kwa kasi zaidi ya hapo. Kutengana kwa bara, kama kutakamilika, kutachukua mamilioni ya miaka. Wengi wao walisema kwamba kilichotokea Suswa kilikuwa kazi ya maji. Udongo wa eneo lile umetokana na majivu laini ya volkano, na mvua ilipozidi maji yaliusomba kutoka chini mpaka juu pakadidimia. Wapo waliokubali kwamba huenda maji yalifuata mpasuko wa kale uliokuwa umefukiwa, lakini hakuna tetemeko kubwa lililoambatana na tukio hilo.

Maelezo hayo yalikuwa na manufaa makubwa kwa mwananchi. Kama chanzo ni maji na udongo, basi barabara inaweza kusanifiwa vizuri zaidi, mitaro ikachimbwa na nyumba zikajengwa mbali na njia za maji. Kama chanzo ni bara kupasuka, mwananchi afanye nini? Afunge virago ahamie bara jingine? Habari ya kutisha humnyang'anya msikilizaji kazi anayoweza kuifanya, ikamwachia woga asioweza kuufanyia lolote.

Tanzania nayo ilionja jambo linalofanana na hilo. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mara yakazuka madai kwamba volkano imelipuka, kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano. Serikali, baada ya wataalamu wa jiolojia kuchunguza, ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa na kumeguka.

Katika Hanang maafa yalikuwa ya kweli na makubwa, wala hayakuhitaji volkano ya kuongezewa. Na ni haki kusema kwamba picha za runinga za siku zile ziliifanya nchi nzima ione msiba wa Katesh, na misaada ikamiminika. Picha si adui. Adui ni maelezo yanayobandikwa juu ya picha kabla ya mtu kuuliza.

Maafa yasiyo na picha

Turudi Songwe. Mkoa huu umekaa kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa, na maziwa yote mawili yamelala ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Desemba 13, 1910, ukanda wa Rukwa ulitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4, ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kupimwa Afrika Mashariki. Desemba 2009, mfululizo wa matetemeko uliipiga Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Lililotokea Desemba 19 lilikaribia ukubwa wa 6. Watu walikufa na maelfu ya nyumba yakaharibika.

Tunduma ya mwaka 1910 haikuwa mji huu wa leo wenye nyumba za ghorofa, nyumba za wageni na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019. Swali la maana kwa mkazi wa mpakani ni hili: ukuta wa nyumba yangu umefungwa kwa nondo au umesimama kwa kudra? Ni swali la saruji, mafundi na vibali vya ujenzi. Halina ngoma wala maandishi mekundu, kwa hiyo halitasikika saa mbili usiku mpaka siku kuta zitakapoanguka. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mfano wa pili ni Mto Songwe wa mpakani wenyewe. Katika uwanda wake wa chini, mto huu una tabia ya kuhama. Mafuriko yakipita, mkondo hukata kona mpya, na mkulima aliyelala akiwa na shamba Tanzania huamka shamba likiwa upande wa Malawi. Nchi hizo mbili zimekuwa zikishughulikia suala hilo kwa miaka mingi, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo. Mpaka wa nchi kuhama bila risasi hata moja ni habari ya kustaajabisha kuliko Songwe yoyote iliyozama. Lakini mto huhama polepole, na kamera haina subira ya kusubiri masika tatu.

Mfano wa tatu ni nzige. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoivamia Kenya kwa wingi ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 70, runinga za dunia zilijaa mawingu ya wadudu hao, na ilikuwa haki yao. Lakini ni wangapi wanajua kwamba bonde la Ziwa Rukwa ni moja ya mazalia makuu ya aina nyingine, nzige wekundu? Nzige hao waliitesa nusu ya kusini ya Afrika kuanzia mwaka 1930 hadi 1944. Shirika la kimataifa la kupambana nao lilianzishwa mwaka 1949 katika mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia, magharibi ya Tunduma. Mrithi wake ana makao Ndola, nchini humo humo.

Mwaka 2009 nzige hao walianza kuongezeka katika nyanda za Rukwa, Iku-Katavi na bonde la Mto Malagarasi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na washirika wake waliwahi kuwanyunyizia dawa wangali mazaliani, katika eneo la takriban hekta 10,000, wakitumia pia dawa ya kibaolojia iliyotengenezwa kwa kuvu. FAO ilitangaza kwamba hatari iliyoepushwa ingeweza kutishia mazao ya watu wapatao milioni 15.

Mahindi ya Mbozi na Momba yakavunwa, malori yakayabeba, wateja wakala ugali. Hapakuwa na mama wa kumlilisha wala mwandishi wa kumsimamisha ndani ya wingu la nzige. Kwa kanuni za jikoni tulizoziona, hakikutokea kitu.

Gharama ya kupiga kelele

Yupo atakayeuliza: kuna ubaya gani kutisha kidogo, kama watu watachukua tahadhari?

Ubaya uko kwenye neno hilo hilo, tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa maonyo yake kwa ngazi. Ya kwanza ni angalizo, yaani kaa macho. Ya pili ni tahadhari, yaani jiandae kuchukua hatua. Ya juu kabisa ni tahadhari kubwa, yaani chukua hatua sasa. Ngazi hizi huambatana na maeneo yanayotajwa kwa majina, siku zinazohusika, na makadirio ya uwezekano wa jambo kutokea. Taarifa inayofanya kila angalizo kuwa tahadhari kubwa huzivunja ngazi zote, na mtu akiwa juu hana pa kukanyaga.

Aprili 2021, TMA ilionya kuhusu Kimbunga Jobo kilichokuwa kikielekea pwani ya Tanzania. Kilidhoofu kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa, na mitaani watu wakafanya mzaha kwamba kimbunga kimeogopa Dar es Salaam. TMA ilikuwa imefanya kazi yake. Kudhoofu ni moja ya mambo ambayo kimbunga huweza kufanya, na onyo la kisayansi husema hivyo. Lakini aliyeambiwa kwamba jiji litafutika hawezi kuelewa makadirio. Anaelewa jambo moja tu, kwamba alidanganywa.

Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, kikaja Hidaya. Nacho kilipungua nguvu kilipofika Kisiwa cha Mafia, na wakazi wengi wa Dar es Salaam waliokuwa wakisubiri mawimbi hawakuyaona. Lakini mvua zake zilikata barabara ya kwenda Lindi katika eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikakwama. Aliyekuwa amekariri kwamba "vimbunga vyetu huwa havifiki" alikwama nayo.

Hii ndiyo hatari inayoikabili Ileje, Momba na Tunduma. Onyo la kweli litakuja siku moja, kuhusu mvua, udongo au nzige. Litasomwa na mtangazaji yule yule, kwa sauti ile ile, chini ya maandishi mekundu yale yale. Je, mama lishe wetu atatoka nje kuangalia nyota, au ataendelea kukoroga mchuzi?

Mikono yetu nayo

Sisi wa magazeti hatuna haki ya kunyoosha kidole huku tukificha vingine. Alama ya mshangao katika vichwa vyetu vya habari haina tofauti na ngoma za runinga. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuandika "mafuriko makubwa" kuhusu mto alioukuta wakazi wakiuvuka kwa miguu, kwa sababu ilikuwa jioni, nafasi ilikuwa ya ukurasa wa mbele, na "mto umejaa kiasi" hakikuwa kichwa cha habari. Gazeti liliuzwa. Siku iliyofuata hakuna aliyerudi kuuliza mto umefikia wapi.

Wachekeshaji waliliona jambo hili zamani. Watazamaji wa miaka ya 2000 watalikumbuka kundi la Ze Comedy, ambalo lilivuna vicheko kwa kuigiza hata usomaji wa taarifa ya habari. Watu walicheka kwa sababu sauti ile nzito na uso ule uliokunjwa walikwisha kuviona kwa watangazaji wa kweli.

Mtazamaji naye ana silaha zake, na ni maswali matano tu. Mahali hasa ni wapi, kijiji gani na kata gani? Picha hii imepigwa lini? Idadi hii imetolewa na nani? Mtaalamu ameachwa amalize sentensi yake? Na mwisho, mimi ninatakiwa kufanya nini? Taarifa inayoshindwa kujibu swali la tano, hata kama imejibu mengine yote, haijamsaidia mtu aliye njiani mwa maji.

Katika mgahawa wetu wa kubuni mjini Tunduma, simu zimenyamaza na wateja wamerudia sahani zao. Baada ya matangazo ya biashara, mtangazaji amerejea akiwa ameunyoosha uso, na sasa anasoma matokeo ya mpira. Mwishoni, kwa sekunde kumi, anasoma angalizo la TMA la mvua kubwa kwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Songwe ikiwemo.

Mtu mmoja tu ndiye amelisikia, na ni dereva wa lori anayetakiwa kuondoka alfajiri. Anaomba sauti iongezwe, lakini habari imeshapita.